Siha ni Amana: Khabari ya Vitamini na Vidonge vya Nguvu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamsawazisha, kisha akamtandikia ardhi na bahari ziwe ghala ya riziki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Ahali zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kuufuata uwongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Tumeulizwa mara nyingi katika darasa zetu, na wanaume na wanawake, mas'ala ya hivi vidonge na chupa za vitamini ambazo leo zimejaa madukani. Je, kuvitumia ni katika kujitibu tulikoamrishwa, au ni katika isirafu tuliyokatazwa? Je, mwenye kuvitegemea amepungukiwa na tawakuli? Na hizi kapsuli zilizofanywa kwa jelatini, ni halali au ni haramu? Na wako waliotuuliza, kwa unyofu kabisa, kama yafaa mgonjwa wa kisukari kuiacha dawa ya daktari akashika chupa ya dawa ya nguvu aliyouziwa mlangoni pa msikiti. Swali hili la mwisho ndilo lililotushitua, na ndilo lililotufanya tuyaandike haya. Kwani mas'ala ambayo ndani yake mna roho za watu si ya kujibiwa kwa neno moja njiani.

Tuanze na asili ya jambo. Mwili huu si milki yetu, bali ni amana. Mtume wetu s.a.w. ametufundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na kwamba siha ni katika neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, ya pili yake ikiwa ni wasaa. Akatufundisha pia kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa illa ameuteremshia dawa yake. Basi kutafuta dawa hakupingani na tawakuli hata kidogo. Aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, aliambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Na imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Saad bin Abi Waqqas r.a. alipougua, Mtume s.a.w. alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada, kwa kuwa alikuwa mtu ajuaye utabibu. Izingatieni sana khabari hii, enyi ndugu zetu: Mtume wa Mwenyezi Mungu, ambaye dua yake haikuwa na mfano, alimpeleka sahibu yake kwa mwenye elimu ya kazi ile. Hakumwambia atosheke na uvumi wa sokoni.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ya vitamini ni jambo geni la kuogopwa. Sehemu ya khabari yake imepita hapa hapa kwetu pwani. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipowasili Mombasa na merikebu zake, mabaharia wake wengi walikuwa wagonjwa wa kiseyeye, ule ugonjwa wa kuvimba ufizi, kuoza mdomo na kulegea viungo. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na machungwa, na ndimu, na miwa. Wagonjwa wale wakapona, na mwandishi wao akaandika kwamba wamepona kwa uzuri wa hewa ya mji huu. Hewa ya Mvita ni nzuri, hatukatai. Lakini kilichowaponya ni yale machungwa. Waliporudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu bila ya matunda, na kiasi cha watu 30 wakafa kwa ugonjwa ule ule. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, jambo walilolitaka sana wagonjwa wao lilikuwa ni machungwa.

Ikapita miaka mingi bila ya mtu kuithibitisha sababu. Mwaka 1747 tabibu mmoja wa Kiskoti, James Lind, aliwatwaa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika merikebu iitwayo Salisbury, akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa mbali. Wawili waliopewa machungwa na ndimu walipata nafuu kwa siku chache, hata mmoja wao akarudi kazini. Juu ya ushahidi huo, wakubwa wa manowari za Kiingereza hawakuamrisha maji ya ndimu yagawiwe mabaharia wao wote mpaka mwaka 1795. Miaka 48 watu waliendelea kufa na hali dawa yao yajulikana. Haya ndiyo malipo ya elimu isiyofanyiwa kazi, na kila umma una sehemu yake katika aibu hiyo.

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman alikuwa katika kisiwa cha Java akichungua ugonjwa wa beriberi, unaolegeza miguu na kudhoofisha moyo. Akaona kuku waliolishwa wali wa mchele mweupe uliokobolewa sana wapatwa na ugonjwa wa namna hiyo hiyo, na wakirudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani wapona. Kwa kazi hiyo alipewa tunzo ya Nobel mwaka 1929. Na mwaka 1912 mtu wa Poland, Casimir Funk, ndiye aliyetoa jina ambalo sisi leo twalitamka vitamini. Wataalamu wamezihesabu vitamini 13 ambazo mwili hauna budi nazo. Kila moja huhitajiwa kwa kipimo kidogo mno, lakini hicho kidogo kikikosekana, mtu mzima huanguka. Ametakasika Mwenyezi Mungu, ambaye ameweka uhai wa mtu katika chembe isiyoonekana kwa jicho.

Ikiwa jambo ndilo hili, basi swali la kwanza la mwenye akili si: Ninunue chupa gani? Bali ni: Mwenyezi Mungu amekiweka wapi kitu hiki? Naye amekiweka katika chakula. Tazameni vilivyotuzunguka hapa pwani. Mapera yana vitamini C kuzidi machungwa mara kadha wa kadha. Ubuyu ambao twawaachia watoto waulambe kwa sukari na rangi umejaa vitamini hiyo hiyo. Embe, papai, boga na karoti vina kile ambacho mwili hukigeuza vitamini A, nayo ndiyo ilindayo macho na kumpa mtoto nguvu ya kushindana na maradhi. Mchicha, kisamvu, mnavu na majani ya kunde yana hayo, na madini ya chuma, na foliki. Na mama zetu waliopika mchicha kwa tui la nazi walipatia bila ya kwenda chuo cha utabibu, kwa kuwa vitamini A ya majani huingia mwilini vyema zaidi pakiwa na mafuta. Bahari, ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja katika Kitabu chake kuwa tunakula kwayo nyama laini, ina samaki wa kila namna. Na dagaa aliwaye na mifupa yake ni kheri ya mifupa yetu.

Lakini sisi tumefanyaje kwa neema hizi? Asubuhi ni chai ya sukari nyingi na mahamri. Adhuhuri ni wali mweupe uliokobolewa. Jioni ni chipsi na soda. Mboga tukizipika twazichemsha mpaka zigeuke rangi, kisha maji yake twayamwaga, na hali mengi yaliyokuwamo yametoka pamoja na maji yale. Mapera yaoza chini ya mti, nasi twapita tukiharakisha dukani kununua kidonge cha vitamini C kilichotoka ng'ambo. Katika harusi zetu twapanga sinia za pilau na biriani ambazo nusu yake hutupwa, wala haonekani mtu kuuliza yuko wapi mchicha. Huku ni kukufuru neema kwa vitendo, ijapokuwa ulimi wasema alhamdulillahi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule na tunywe, na akatukataza isirafu. Na Mtume s.a.w. ametuwekea kipimo cha theluthi tatu: moja ya chakula, moja ya maji, na moja ya pumzi. Mwenye kuipita mipaka hiyo miaka 30, kisha akatafuta kidonge cha kumfutia makosa yake, amejidanganya nafsi yake.

Na jambo moja dogo twawakumbusha hasa akina mama, kwa sababu faida yake ni kubwa wala halina gharama. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini ya chuma ya mboga na nafaka yasiingie mwilini sawasawa. Ndimu na matunda yenye ukali hufanya kinyume chake, huyasaidia kuingia. Basi kamueni ndimu juu ya mchicha na maharagwe, na chai icheleweshwe kwa saa moja au mbili baada ya chakula. Mwanamke mwenye kupungukiwa na damu, akilishika hili moja tu, amejifanyia jambo kubwa.

Baada ya kusema hayo, isije ikadhaniwa kwamba twavikataza vidonge vyote. La, hasha. Kupindukia katika kukataa ni sawa na kupindukia katika kupenda. Ziko hali ambazo nyongeza hii ni haja ya kweli, na kuipuuza ni kuidhulumu nafsi, na mara nyengine ni kuidhulumu nafsi ya mwingine.

Hali ya kwanza ni ya mwanamke mja mzito. Shirika la Afya la Dunia limependekeza kila mja mzito apate kila siku mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na miligramu 30 mpaka 60 za madini ya chuma. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 1991 ulithibitisha kwamba foliki, ikitangulia kabla ya mimba na katika miezi yake ya mwanzo, humkinga mtoto kwa sehemu kubwa na vilema vya uti wa mgongo na ubongo. Uti huo hujifunga katika mwezi wa kwanza wa mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua hata kwamba wana mimba. Kwa hivyo mwenye kutaraji mtoto asingojee mpaka tumbo lionekane. Tumesikia wanawake wakivitupa vidonge vya kliniki kwa kuwa vyawachafua moyo, au kwa kuwa wameambiwa mtoto atakuwa mkubwa mno, na waume zao wamenyamaza. Ewe mume, huyu aliye tumboni ni amana yako. Ukimwona mkeo vidonge vyamtaabisha, mpeleke kwa daktari abadilishiwe au aelekezwe wakati mzuri wa kuvila, wala usimwambie aviache. Na katika mwezi wa Ramadhani, mja mzito ambaye saumu haimdhuru, akafunga, kidonge chake atakila wakati wa futari au wa daku, wala saumu yake haina dosari.

Hali ya pili ni ya watoto wadogo. Serikali ya Kenya hutoa matone ya vitamini A bure kwa watoto wa tangu miezi 6 mpaka wafikapo miaka mitano, mara moja kwa kila miezi sita. Haya si anasa. Upungufu wa vitamini A humpofusha mtoto, na humdhoofisha mpaka surua na kuharisha vimuue. Lakini bado wamo miongoni mwetu wenye kueneza uvumi kwamba matone haya yametiwa kitu cha kuwakata kizazi Waislamu. Twauliza: Uko wapi ushahidi? Ni daktari gani Muislamu mwaminifu, nao wako wengi katika miji yetu, aliyechungua akayaona hayo? Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuithibitishe khabari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mwenye kuusambaza uvumi huu, akasababisha mtoto wa mwenzake kukosa kinga, ajue kwamba ataulizwa.

Hali ya tatu ni ya mtu ambaye tabibu amempima akaona upungufu. Katika hao ni mzee ambaye tumbo lake halichukui tena vitamini B12 sawasawa. Na mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa miaka mingi, kwani dawa hiyo, pamoja na manufaa yake makubwa, yaweza kuipunguza vitamini hiyo, basi na amuulize daktari wake khabari ya kupimwa. Na katika hao ni wasiopata jua. Vitamini D hufanywa na ngozi ya mtu ipatapo jua. Wake zetu wamejisitiri kama walivyoamrishwa, na katika sitara hiyo hapana lawama. Lakini nyumba zetu za zamani zilikuwa na kiwanda au ua ulio wazi, ambapo mwanamke alipata jua bila ya kuonekana na asiye maharimu yake. Leo twajifungia katika vyumba vya ghorofa visivyoingia jua, pamoja na watoto wetu wachanga. Upungufu wa vitamini D umeonekana sana hata katika nchi za Ghuba zenye jua kali, na mwisho wake kwa mtoto ni matege, na kwa mtu mzima ni maumivu na udhaifu wa mifupa. Tafuteni basi njia ya jua pamoja na sitara, juu ya dari au uani. Na daktari akiona haja ya vidonge, vitumiwe.

Na ijulikane kwamba sisi sote twala nyongeza hizi bila ya kutambua. Sheria ya Kenya imewajibisha chumvi itiwe madini ya joto tangu mwaka 1978, na kwa sababu hiyo ugonjwa wa rovu umepungua sana. Tangu mwaka 2012 unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani, na mafuta ya kupikia, vyapasa kutiwa vitamini na madini. Basi anayesema kwamba kila kilichotiwa vitamini ni hila ya maadui, na aitazame kwanza chumvi iliyomo katika chungu chake.

Sasa twaja kwenye madhara, nayo ndiyo yaliyotushitua. Watu wengi wadhani kwamba kitu kikiwa na manufaa kidogo, kikizidishwa manufaa yake yazidi. Dhana hii ni ya makosa katika dini na katika utabibu. Nyingi katika vitamini za B, na vitamini C, zikizidi hutoka na mkojo, na mwenye kuzinunua bila ya haja amepoteza mali yake. Lakini vitamini A, D, E na K huwekwa akiba mwilini, na A na D hasa zikirundikana hugeuka sumu. Mja mzito aliyekula vitamini A kupita kiasi aweza kumharibu mtoto aliye tumboni. Vitamini D ikipita mipaka huziumiza figo. Na huko Finland walichunguzwa wanaume 29,133 wenye kuvuta sigara, kwa matumaini kwamba vidonge vya beta-karotini vitawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, ilionekana kwamba waliopewa vidonge hivyo walipatwa na saratani hiyo zaidi kuliko wenzao kwa kiasi cha asilimia 18. Kitu kile kile kilicho neema ndani ya papai kilikuwa nakama ndani ya kidonge kwa watu wale. Na mgonjwa wa moyo anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, akala vidonge vyenye vitamini K bila ya kumwambia daktari wake, aivunja kazi ya dawa yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kuliko yote hayo ni balaa ya wale wauzao chupa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wasimama baada ya Sala ya Ijumaa, mkononi wana mafuta ya habasoda au kapsuli za rangi rangi, na ulimini wana Hadithi. Wasema dawa yao yaondoa kisukari, presha, saratani, utasa na hasadi. Sisi hatuikanushi Hadithi ya habasoda. Ni Hadithi sahihi, na twaipokea kwa kichwa na jicho. Lakini wanavyuoni wakubwa, kama al-Khattabi, wameeleza kwamba tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni makhsusi, yaani si kila ugonjwa wa kila mtu kwa kila namna. Vipi basi muuza chupa aifahamu kuliko wao? Wala Mtume s.a.w. hakumwambia mgonjwa yeyote aiache dawa nyengine. Asali ina ponyo, nasi twaamini hivyo. Lakini mgonjwa wa kisukari akiinywa kwa vikombe itampandisha sukari yake, na kosa litakuwa lake, si la Aya.

Tumemjua mtu wa makamo, mcha Mungu, aliyekuwa akipiga sindano yake ya insulini kila siku na hali yake njema. Akauziwa chupa, akaambiwa kwamba mwenye imani ya kweli hahitaji sindano. Akaiacha. Haikupita wiki mbili akachukuliwa hospitali hajitambui, na akafa ameacha mjane na mayatima. Aliyemuuzia alihudhuria maziko, akasema ni kudura. Naam, kila jambo ni kwa kudura. Lakini kudura haimwondolei mwenye kudanganya dhamana yake. Mtume s.a.w. ametuonya kwamba mwenye kutibu watu na hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mwenye kudhamini madhara atakayoyaleta. Na amesema pia kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Ikiwa ghushi ya kuificha nafaka iliyorowa maji ilistahili onyo hilo, itakuwaje ghushi ambayo mwisho wake ni kaburi?

Kwa hivyo twawataka maimamu na wazee wa misikiti yetu wasiache milango ya nyumba za Mwenyezi Mungu kuwa soko la uwongo. Na twawaambia wafanya biashara ya dawa hizi: Uzeni, biashara ni halali, lakini semeni kweli. Msiseme chaponya ambapo hakikuthibitika, wala msimwambie mgonjwa aache dawa yake. Na mnunuzi asighurike na maandishi ya Kiingereza juu ya chupa. Hata huko Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, vidonge vya namna hii huuzwa bila ya mwenye kuvitengeneza kulazimika kwanza kuithibitishia serikali kwamba vyafanya kazi anayoidai. Kutoka ng'ambo si hoja ya ukweli.

Limebaki swali la jelatini. Jelatini hufanywa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Iko ya ng'ombe, iko ya samaki, na iko ya nguruwe. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika kitu kilichokuwa najisi kisha kikageuka dhati yake: wako walioona hukumu yake yageuka pamoja nacho, na wako waliokataa. Sisi twaona lililo salama ni kuepukana na kitu chenye shaka maadamu badili yake yapatikana. Nayo mara nyingi yapatikana, kwani viko vidonge vikavu visivyokuwa na jelatini, na ziko kapsuli zilizofanywa kwa mimea, na ziko zilizothibitishwa kuwa ni halali. Muulizeni muuza dawa, na someni karatasi yake. Ama dawa ambayo tabibu mwaminifu amesema haina budi, na badili yake haikupatikana, hiyo ina hukumu ya dharura, wala mgonjwa asijitie katika maangamizi kwa wasiwasi.

Muhtasari wa maneno yetu ni huu. Chakula halali na kizuri ndicho asili, na kidonge ni tawi. Nyongeza ni dawa, na dawa huliwa kwa haja, kwa kipimo, na kwa kauli ya mwenye kujua. Mja mzito na mtoto mdogo wana haki zao, wala zisipotezwe kwa uvivu au uvumi. Na mwenye ugonjwa asiiache dawa aliyopewa na tabibu wake kwa ajili ya chupa, hata ikiwa muuzaji wake amevaa kilemba kikubwa kuliko chetu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwaulize wenye kujua ikiwa sisi hatujui. Na katika mambo ya mwili, wenye kujua ni matabibu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe siha ya kumwabudia, na akili ya kuzitambua neema zake kabla hazijatuondoka, na atuepushe na elimu isiyonufaisha na maradhi tuyaletayo kwa mikono yetu. Awarehemu waliotutangulia, na awaponye wagonjwa wetu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiki.